Kituo cha data kisichoumiza mazingira: mwongozo kamili wa kupanga na kujenga

Wengi walioniomba niwakagulie mipango yao ya kituo cha data, yaani chumba au jengo la kuendeshea seva, wamekwama mahali pamoja. Wameanza na paneli za sola. Wamezinunua, wamezifunga juu ya paa, halafu bili ya umeme imekuja karibu ileile ya zamani na jenereta bado inanguruma kila gridi inapokatika. Paneli hazina kosa. Kosa ni mpangilio wa kazi: wametafuta umeme safi wa kulisha mfumo unaovuja, na mfumo unaovuja haushibishwi na paa lolote.

Kwa hiyo hapa tutakwenda kwa mpangilio mwingine. Kwanza tunapunguza kinachotumika, kisha tunatoa joto kwa umeme na maji kidogo, na chanzo cha umeme tunakigusa baadaye. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: chumba cha raki 20 (kabati za chuma za kupangia seva) ambacho seva zake, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, zinakula kilowati 100. Kama chako ni kikubwa zaidi au kidogo zaidi, zidisha au gawanya.

## Vinavyohitajika kabla ya kuchora chochote

- Orodha ya kila seva, swichi ya mtandao na hifadhi ya data, pamoja na umeme inaoula kwa kipimo cha mita. Namba ya kwenye kibandiko cha kiwandani haitoshi.
- Takwimu za hali ya hewa za mahali pa ujenzi, saa kwa saa, za miaka 5 au zaidi: joto na unyevu.
- Maelezo ya gridi: umeme wake unatokana na nini, na unakatika mara ngapi.
- Mita za umeme za kudumu kwenye lango la jengo, baada ya UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia mzigo umeme ukikatika), na kwenye mitambo ya kupozea. Mita ya maji iwepo pia.
- Vihisi vya joto na unyevu, vitatu kwa kila raki: chini, katikati na juu, upande wa mbele.
- Mhandisi wa umeme na mhandisi wa upozaji watakaokaa meza moja tangu siku ya kwanza.
- Vibali vya mazingira, moto, kuhifadhi mafuta na kelele.

Usiruke mita. Kituo kisicho na mita kinaweza kuitwa cha kijani na yeyote, na hakuna atakayeweza kuthibitisha wala kukanusha.

## Hatua ya 1: Pima mzigo halisi, kisha uupunguze

Seva yenye pawasaplai (kifaa kinachoilisha umeme) ya wati 800 mara nyingi inakula nusu ya hapo au pungufu. Anayejumlisha namba za vibandiko hujenga kituo kikubwa mara mbili ya anachohitaji: zege mara mbili, transfoma mara mbili, viyoyozi mara mbili, na vyote vinafanya kazi kwenye mzigo mdogo ambako ufanisi wake ni mbaya. Hapo uharibifu umeshafanyika kabla seva ya kwanza haijawashwa.

Pima mwezi mzima, ukijumuisha siku zenye kazi nyingi. Halafu ulizia kila seva: mwenye nayo ni nani, na inafanya nini? Utakuta seva yatima, zilizowashwa kwa mradi uliokwisha na hazijaguswa tangu hapo. Seva isiyo na kazi hailali. Ya zamani inaweza kula karibu nusu ya umeme inaoula ikiwa na kazi tele, na kila wati inayoingia ndani yake inatoka ikiwa joto ambalo utalilipia mara ya pili kulipoza.

Zilizobaki na kazi ndogo, zihamishie kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, ndani ya seva chache zenye nguvu. Ukinunua mpya, dai pawasaplai zenye daraja la 80 Plus Titanium, zinazofikia ufanisi wa asilimia 96 zikiwa kwenye nusu ya mzigo wake.

Tahadhari: usiing'oe seva yatima siku uliyoigundua. Chukua nakala ya data yake, itoe kwenye mtandao kwa wiki mbili, na usubiri kuona kama kuna atakayelalamika.

Ukifanikiwa: una namba moja ya kilowati iliyopimwa, na kila kifaa kilichobaki kina mtu anayewajibika nacho.

## Hatua ya 2: Andika malengo kwa namba

Kipimo kinachotumika duniani kote ni PUE: umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa umeme unaofika kwenye vifaa vya kompyuta. Namba 1 kamili ingemaanisha hakuna kinachopotea. Kimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 30134-2, na hupimwa kwa mwaka mzima. Ukikipima usiku mmoja wa baridi utajidanganya.

Katika mfano wetu, PUE ya 2 inamaanisha jengo linavuta kilowati 200. Ukiishusha hadi 1.3 linavuta 130. Tofauti ya kilowati 70, saa 8,760 za mwaka, ni zaidi ya kilowati-saa 613,000. Hakuna paneli iliyokupa huo. Umeupata kwa kuacha kuupoteza.

Lakini PUE ina mtego, na nimeona watu makini wakinaswa. Tuseme unazima seva zilizokuwa zikila kilowati 30 bure. Vifaa vinashuka kutoka 100 hadi 70, na umeme wa upozaji na mengineyo unashuka kutoka 30 hadi 24. Jengo zima limeshuka kutoka 130 hadi 94, jambo la kushangilia kabisa. PUE je? Imepanda kutoka 1.30 hadi 1.34. Meneja anayelipwa kwa PUE peke yake atakataa kuzizima seva hizo.

Kwa sababu hiyo, weka malengo manne pamoja: jumla ya kilowati-saa kwa mwaka, PUE, lita za maji kwa kila kilowati-saa ya vifaa, na kilo za hewa ya ukaa kwa kila kilowati-saa hiyohiyo. La kwanza ndilo mkubwa wao. Likigongana na mengine, lifuate hilo.

## Hatua ya 3: Chagua mahali na jengo

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, tazama mambo mawili kabla ya bei ya ardhi: gridi inalishwa na nini, na hewa ya nje ina baridi kwa saa ngapi za mwaka. Kituo cha kawaida kabisa kwenye gridi ya maji na jotoardhi, kama ya Iceland, kinatoa hewa ya ukaa kidogo kuliko kituo kilichobuniwa kwa ustadi mkubwa kwenye gridi ya makaa ya mawe.

Kabla ya kumwaga zege jipya, tafuta jengo lililopo. Saruji na chuma vina hewa ya ukaa iliyokwishatolewa kiwandani, na hakuna ufanisi wa baadaye utakaoirudisha. Huko Hamina, Finland, Google iligeuza kiwanda cha zamani cha karatasi kuwa kituo cha data na inatumia maji ya bahari kupoza. Ikibidi ujenge upya, dai zege ambalo sehemu ya saruji yake imebadilishwa kwa mabaki ya tanuri za chuma au majivu ya makaa, na upake paa rangi nyeupe.

Jenga kwa awamu. Kilowati 100 za leo pamoja na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya kesho ni bora kuliko kilowati 400 ambazo robo tatu zake zitakaa tupu.

Tahadhari: raki iliyojaa inaweza kufikia tani nzima. Jengo la zamani lipimwe sakafu na mhandisi wa majengo kabla ya kusaini mkataba, na ulizia historia ya mafuriko.

## Hatua ya 4: Zuia hewa baridi isichanganyike na ya moto

Hapa ndipo pesa kidogo inapookoa umeme mwingi, na hapa ndipo watu wanapopita haraka kwa sababu kazi yenyewe haina fahari: ni vibao, brashi na milango.

Seva huvuta hewa kwa mbele na kuitoa nyuma. Panga raki zitazamane uso kwa uso, upate njia ya baridi mbele na njia ya moto mgongoni. Kisha:

1. Ziba kila nafasi tupu ya raki kwa kibao.
2. Ziba matundu ya kebo, ya sakafuni na ya pembeni, kwa brashi maalumu.
3. Funga njia moja kabisa, ya baridi au ya moto, kwa milango na dari.
4. Panga kebo za nyuma zisizibe pumzi ya seva.

Ukiacha mianya, hewa ya moto huzunguka juu ya raki na kurudi mbele. Seva za juu zinaanza kulia kwa joto. Fundi wa zamu anashusha kiyoyozi hadi nyuzi 18 ili kuziokoa, na chumba kizima kinapozwa kupita kiasi kwa ajili ya seva sita. Nimeingia vyumba ambavyo wafanyakazi wanavaa makoti, na bado seva za juu zinaungua.

Hesabu ya hewa ni rahisi. Kilowati 1 ya joto, hewa ikipanda nyuzi 10 ndani ya seva, inahitaji takriban mita za ujazo 300 kwa saa. Kilowati 100 ni 30,000. Ukipuliza zaidi ya hapo unapuliza pembeni ya seva. Nguvu ya feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake, kwa hiyo ukiupunguza mwendo kwa asilimia 20, umeme wa feni unashuka hadi karibu nusu. Nunua feni zenye kidhibiti mwendo, na uzifunge zote zizunguke polepole badala ya chache zinazokimbia.

Tahadhari: dari ya njia iliyofungwa inaweza kukinga midomo ya mfumo wa kuzimia moto. Mwite mtaalamu wa moto aangalie mchoro kabla ya kazi kuanza.

Ukifanikiwa: kihisi cha juu na cha chini cha raki moja havipishani kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3. Shikiza kipande cha karatasi nyepesi kwenye kila mwanya; kisipepee kwa nguvu.

## Hatua ya 5: Chagua namna ya kupoza

Anza na joto linaloruhusiwa. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi cha Marekani ambacho watengenezaji wa seva wanakifuata, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Nyuzi 27, siyo 18! Kila nyuzi unayopanda inaongeza saa za mwaka ambazo hewa ya nje inatosha na kompresa, pampu ya gesi ya kiyoyozi inayokula umeme mwingi, inapumzika.

Chukua takwimu zako za hali ya hewa uhesabu: hewa ya nje iko chini ya nyuzi 22 kwa saa ngapi kati ya 8,760? Jibu hilo ndilo linalochagua mtambo, lisiwe kazi ya muuzaji.

Kama saa ni nyingi, tumia hewa ya nje kupitia kibadilisha joto, ambapo hewa ya nje na ya ndani hupishana bila kugusana. Kuingiza hewa ya nje moja kwa moja ni rahisi zaidi, lakini vumbi, moshi na chumvi ya bahari hula mabamba ya saketi.

Kama hewa ni ya joto lakini kavu, upozaji kwa mvuke wa maji unavutia. Piga hesabu kwanza. Kuondoa kilowati-saa 1 ya joto kwa mvuke kunakula takriban lita 1.5 za maji. Kilowati 100 usiku na mchana ni lita 3,600 kwa siku, bila kuhesabu maji yanayomwagwa ili chumvi isijikusanye. Mahali ambapo majirani wanapanga foleni ya maji, mfumo huo usiuite rafiki wa mazingira hata kama PUE yake inang'aa. Tumia maji yaliyosafishwa kutoka kwenye majitaka, au ukubali umeme zaidi kidogo.

Mahali pa joto na unyevu utahitaji kompresa sehemu kubwa ya mwaka. Chagua yenye mwendo unaobadilika, na uipange itoe maji ya kupozea ya nyuzi 18 hadi 20 badala ya 7. Haitafanya kazi ngumu bure.

Raki zenye vichakato vya akili bandia, zinazovuka kilowati 30 au 40 kila moja, ni habari nyingine. Hewa haizitoshi. Peleka maji hadi kwenye kichakato chenyewe. Maji ya nyuzi 30 na kitu yanatosha, na joto lake linaweza kutolewa na rejeta ya nje isiyo na kompresa karibu popote duniani.

Usisahau gesi iliyomo ndani ya mtambo. Kilo moja ya R-410A, gesi ya kupozea ya viyoyozi vingi, ikivuja inapasha dunia joto kama takriban kilo 2,088 za hewa ya ukaa. Kilo 10 zikitoroka kwenye kiungio kibovu ni sawa na tani 21 hivi. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya kimataifa, yanazipunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua, kwa hiyo ukinunua mtambo wake leo, kesho utahangaika kupata gesi. Dai propani, yaani R-290, au amonia, au gesi nyingine ambayo kilo yake inapasha dunia joto kidogo.

Tahadhari: propani inawaka na amonia ni sumu. Mitambo hiyo ikae nje ya chumba cha seva, ifungwe na fundi mwenye cheti, na iwe na kihisi cha kuvuja.

## Hatua ya 6: Nyoosha njia ya umeme

Kila kifaa kati ya transfoma na seva kinakula ushuru wake. Wengi hununua UPS mbili za kilowati 300 kwa mzigo wa 100 "kwa usalama". Mzigo ukigawanywa, kila moja inafanya kazi kwenye asilimia 17 hivi, na hapo upotevu wake ni mkubwa. Chukua UPS ya vipande unavyoweza kuongeza: vipande vitano vya kilowati 25 vinabeba mzigo huu na kimoja cha akiba.

Kwa betri, lithiamu ya fosfeti ya chuma hudumu miaka mingi kuliko za risasi na huvumilia joto zaidi, kwa hiyo chumba chake hakihitaji kupozwa sana. Itenganishe na seva kwa ukuta unaostahimili moto.

## Hatua ya 7: Sasa zungumzia umeme safi

Turudi kwenye paneli. Jengo letu linavuta kilowati 130, sawa na kilowati-saa 3,120 kwa siku. Mahali penye saa 5 za jua kamili, ukitoa upotevu wa asilimia 20, unahitaji paneli za kilowati 780. Kilowati moja inachukua takriban mita za mraba 5, hivyo ni mita za mraba 3,900, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, bila nafasi za kupita. Paa la mita 100 za mraba litakupa kilowati-saa 80 kwa siku. Hiyo ni chini ya asilimia 3.

Weka paneli hizo, zina faida. Sehemu kubwa ya umeme safi, hata hivyo, itatoka nje ya jengo: mkataba wa muda mrefu na mzalishaji wa upepo, jua, maji au jotoardhi. Uliza swali moja gumu kabla ya kusaini: mtambo huu ungejengwa bila mkataba wangu? Kama ungekuwepo vilevile, unanunua cheti tu.

Uliza pia saa. Umeme wa jua wa adhuhuri hauendeshi seva za saa nane usiku. Google ilianza kulinganisha manunuzi yake ya umeme safi na matumizi ya mwaka mzima mwaka 2017, kisha ikajiwekea lengo gumu zaidi la kufikia umeme usio na hewa ya ukaa kila saa ifikapo 2030. Anza kupima hivyo tangu mwanzo. Kazi zinazoweza kusubiri, kama kunakili data, zipange saa ambazo gridi yako ni safi.

## Hatua ya 8: Jenereta, moto na joto linalotoka

Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa na hukupa umeme wa kilowati-saa 3 na kidogo. Gridi ikikatika mara chache kwa dakika chache, betri kubwa inaweza kuibeba. Ukilazimika kuwa na jenereta, nunua inayokubali dizeli ya mafuta ya mimea iliyosafishwa kwa hidrojeni.

Kwa kuzima moto, chagua gesi za asili kama naitrojeni na agoni. Mitungi yake inachukua nafasi kubwa, lakini ikifunguka haiongezi joto duniani.

Joto linalotoka kwenye seva linaweza kupasha nyumba, kama inavyofanyika Odense, Denmark. Fikiria hilo ikiwa tu kuna jirani anayelihitaji mwaka mzima, kama bwawa la kuogelea au kikaushio cha mazao. Hewa ya seva ni ya nyuzi 30 hadi 40 tu. Bomba likiwa refu, linafika limepoa.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kuhamia

Kodi hita za majaribio zenye uwezo wa mzigo wako. Ziwashe kwa asilimia 25, 50, 75 na 100, saa kadhaa kila hatua. Kata umeme wa gridi ukiwa kwenye 100. Zima kipande kimoja cha UPS, kisha mtambo mmoja wa kupozea.

Asilimia 25 ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndiko kituo kipya kitakakoishi mwaka wake wa kwanza. Mitambo isiyoweza kushuka hadi huko itawaka na kuzima hovyo.

Ukifanikiwa: hewa ya mbele ya raki haikuvuka nyuzi 27 kwa hatua yoyote, mita zote zinasomeka, na jumla ya mita ndogo inakaribiana na mita ya lango. Zikipishana sana, kuna waya uliofungwa mahali pasipo pake. Utafute kabla ya makabidhiano, fundi akiwa bado anadai malipo yake ya mwisho.

## Hatua ya 10: Endesha kwa mkono wa polepole

Pandisha joto la chumba nyuzi moja kwa wiki, ukitazama mita ya lango. Kuna mahali feni za ndani ya seva zitaanza kukimbia. Umeme wake huhesabiwa kama wa vifaa, kwa hiyo PUE itaendelea kuonekana nzuri wakati matumizi ya jengo yanapanda. Mita ya lango ikianza kupanda, rudi nyuzi moja nyuma na ukae hapo.

Kila miezi mitatu, rudia msako wa seva yatima na uangalie viungio vya gesi. Kila mwaka, andika malengo yako manne na matokeo yake ubandike mahali wafanyakazi wanapoyaona.

Seva inapostaafu, futa diski kwa programu inayotoa cheti cha ufutaji badala ya kuziponda, ili iweze kuuzwa au kutumika tena. Isiyofaa tena iende kwa mrejelezaji aliyesajiliwa. Gesi ya mtambo wa zamani ivutwe kwenye mtungi na ipimwe uzito: kama mtambo uliwekwa kilo 12 na zimetoka 7, zile 5 ziandike kwenye hesabu ya hewa ya ukaa ya mwaka huo.